Majalada Yanapolala Kichwani: Mwongozo Kamili wa Kulinda Akili ya Afisa Ustawi wa Jamii

Mtoto alikuwa amevaa sweta la shule la kijani. Tulikaa naye kwenye chumba kidogo cha Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, mimi, yeye na afande wa kike aliyeandika maelezo. Kila alipofika mahali pagumu aliushika uzi wa pindo la mkono, akauvuta. Mpaka tunamaliza, pindo lote lilikuwa limefumuka na uzi umejikunja mapajani mwake. Soda tuliyomnunulia hakuigusa. Siku ile kazi ilifanyika inavyotakiwa: PF3, fomu ya polisi ya kumpeleka majeruhi hospitali, ilijazwa, mtoto akafika hospitali mapema, kabla ya saa 72 za kuanza dawa za kukinga VVU kupita, na usiku akalala mahali salama. Nilirudi nyumbani, nikala, nikalala.

Miezi mitatu baadaye nilimkuta mdogo wangu wa kiume sebuleni kwangu, amempakata binti yangu, wanatazama katuni. Nilimfokea mbele ya wageni kama mtu aliyefumania mwizi. Hakuwa amefanya lolote. Aliondoka bila kula na hakurudi kwa muda mrefu. Hapo ndipo nilipojua kwamba jalada nililodhani nimelifungia kabatini nilikuwa nimeondoka nalo.

Nawaandikia maafisa ustawi wa jamii wa halmashauri za Tanzania, wahudumu wa kujitolea kwenye kata, walezi wa makao ya watoto na wote wanaolipwa, au wasiolipwa, kusikiliza maumivu ya watu. Fuata hatua kwa mpangilio wake. Ila kama unasoma huku tayari umezidiwa, ruka hadi hatua ya sita, haya mengine utayarudia.

Nitaanza na mfano. Mpiga picha wa eksirei hospitalini huvaa kifuani kipande kidogo cha kupimia mionzi. Kipande kile hakimkingi na chochote. Kazi yake ni kuhesabu: baada ya muda kinapelekwa kusomwa, na dozi ikipanda, mhusika anaondolewa karibu na mashine. Hakuna anayemwita dhaifu. Sisi tunapokea mionzi ya aina nyingine kila siku ya kazi, na hatuvai kipimo.

Hatua ya 1: Tambua kinachokupata

Watu wa fani yetu husema "nimechoka" kwa mambo manne tofauti, na kila moja lina tiba yake.

La kwanza ni kuishiwa. Christina Maslach, mwanasaikolojia wa Marekani aliyelichunguza jambo hili tangu miaka ya 1970, alilieleza kwa sura tatu: nguvu kukauka, kuwaona wateja kama vitu, na kuhisi kazi yako haina faida. Sura ya pili ndiyo inayojificha. Isikilize kwenye ulimi wako. Mama anaingia na mtoto mgongoni, nawe moyoni unasema, "Huyu naye tena." Unaacha kutaja majina, unasema "yule wa matunzo". Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya magonjwa, ICD-11, iliyopitishwa 2019, linasema kuishiwa huku si ugonjwa, ni hali inayotokana na msongo wa kazini usiodhibitiwa. Maana yake dawa yake kubwa iko kazini: idadi ya mashauri, mapumziko, usafiri, watumishi. Asikudanganye mtu kwamba utaitibu kwa kunywa maji mengi.

La pili ni uchovu wa huruma. Moyo uliokuwa ukiumia na mteja unagoma kuumia. Unasikiliza habari ya kutisha huku ukiwaza foleni ya daladala, kisha unajiona mtu mbaya.

La tatu ni kiwewe cha kupokea, na ndicho kilichonipata mimi. Hukupigwa, hukubakwa, lakini picha zinakurudia, usingizi unakatika saa tisa usiku, unakwepa mtaa fulani. Tangu 2013 mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani unakubali kwamba mtu anaweza kupata ugonjwa wa kiwewe kwa kukutana kazini, tena na tena, na undani wa maovu waliyotendewa wengine. Mfano uliotolewa ni polisi wanaoshughulikia ukatili kwa watoto, ambao ndio tunaokaa nao chumba kimoja. Dalili yake inayopuuzwa zaidi ni dunia kubadilika rangi: kila mjomba ni mshukiwa, kila mwalimu wa tuisheni ni mshukiwa, na wewe unaita hali hiyo "uzoefu".

La nne ni kusutwa na dhamiri, ambalo nitalirudia kwenye hatua ya tano kwa sababu ndilo linalotutafuna kimya kimya.

Pembeni ya hayo yapo magonjwa kamili: sonona, wasiwasi uliopitiliza, ulevi. Hali hizi nne zikiachwa, huweza kufika huko.

Hatua ya 2: Vaa kipimo chako

Nunua daftari dogo la mkononi. Kila jioni kabla hujaondoka ofisini tumia dakika tatu. Andika ulichopokea kwa maneno matatu yasiyo na jina wala kijiji. Kipe uzito kuanzia 0 hadi 5. Andika mwili ulifanya nini: shingo ilikaza, tumbo lilisokota, hukula mchana.

Uzito wangu naupanga hivi. Ni kipimo changu, si cha hospitali, nawe panga chako. Shauri la matunzo ambalo baba amekubali kutoa fedha ni 1. Wazazi wanaorushiana maneno huku mtoto ameketi katikati yao ni 2. Mzee aliyetelekezwa, ana vidonda vya kulala na nyumba inanuka mkojo, ni 3. Mtoto aliyefanyiwa ukatili wa kingono ni 4. Kifo ni 5. Kisha, hata ikivuka 5, naongeza 1 kama mhusika anafanana na mtu wangu, kwa umri, jina au sauti, na 1 nyingine kama naona mambo hayataishia pazuri.

Ijumaa jumlisha. Wiki ya kwanza namba hazitakuambia kitu. Baada ya wiki nne zitaanza kusema. Mimi niligundua kwamba wiki ikivuka 20, Jumamosi nagombana na mtu nyumbani, bila kukosa. Wewe labda ni 15, labda ni 30. Ukishaijua namba yako, una kitu cha kumpelekea mkuu wa idara ambacho si malalamiko.

Tazama pia mpangilio wake. Mashauri matatu yenye uzito wa 4 siku moja hayalingani na matatu yaliyotawanyika wiki nzima, hata kama jumla ni ileile.

Hatua ya 3: Punguza kinachoingia

Mengi tunayopokea hayakuwa na ulazima. Mtoto anahojiwa na mwenyekiti wa mtaa, kisha mwalimu, kisha afande, kisha daktari, kisha wewe. Anaumizwa mara tano. Pale penye Kituo cha Mkono kwa Mkono hospitalini, ambako daktari, polisi na ustawi wa jamii hufanya kazi pamoja, pangeni mumpeleke huko, asimulie mara moja, nyote mkiwapo au mkitumia maelezo yaleyale. Unamkinga yeye, na unajikinga wewe. Uliza kile ambacho ripoti ya mahakama inakihitaji. Udadisi wa ziada haumsaidii mtoto, na wewe utalala nao.

Picha za majeraha zisikae kwenye simu yako. Najua zinavyofika: mtendaji anakutumia WhatsApp saa mbili usiku, nazo zinajihifadhi zenyewe katikati ya picha za harusi ya binamu. Zima kupakua picha moja kwa moja. Kinachohitajika kama ushahidi kikabidhi kunakohusika, kisha kifute. Ukilazimika kutazama video, izime sauti kwanza, punguza ukubwa wa dirisha, na usiitazame ukiwa peke yako mwisho wa siku.

Mahojiano mazito yaweke asubuhi. Baina ya moja na jingine toka nje dakika kumi, hata kama foleni benchini ni ndefu. Mama wa tano kwenye benchi anastahili mtu aliye hai mbele yake.

Kuhusu simu: wateja wengi wana namba yako kwa sababu hawana nyingine. Wape namba ya Dawati la kituo cha karibu na Simu ya Huduma kwa Mtoto, 116, inayopigwa bure mchana na usiku. Ofisini pangeni zamu za usiku. Asiye zamu azime sauti ya simu, na wenzake wamheshimu kwa hilo.

Ziara za nyumbani nendeni wawili, acheni taarifa ofisini mnakokwenda na saa ya kurudi, keti karibu na mlango, bodaboda isubiri imegeukia njia ya kutokea. Vitisho virekodiwe vyote, vikiwemo vile tunavyoona aibu kuviandika. Nimewahi kukuta kitu kimefungwa kwa kitambaa chekundu chini ya mlango wa ofisi, siku mbili baada ya kumtoa mtoto kwenye nyumba ya watu wenye jina mjini. Wenzangu walicheka. Mimi sikulala wiki nzima. Woga ni woga, uwe wa panga au wa uchawi, na aliyeuweka pale alikusudia uogope. Peleka taarifa kwa maandishi kwa mkuu wako na polisi. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inamdai mwajiri akulinde, na karatasi ndiyo inayomkumbusha.

Hatua ya 4: Shusha mzigo njiani

Hii ni fupi. Andika kwenye karatasi mambo yaliyobaki ya kesho, uifungie droo. Nawa uso. Shuka kituo kimoja kabla ya chako, tembea. Mwenye swala au sala yake aitumie, ila isiwe sababu ya kukimbia matibabu ukiyahitaji. Ukifika badilisha nguo kabla hujashika mtoto wala mwiko.

Siri ya mteja hairuhusu kumsimulia mwenzi wako, lakini kukaa kimya kabisa kunajenga ukuta. Sema: "Leo nimebeba kitu kizito, siwezi kukitaja. Nipe nusu saa, halafu nitakuwa nanyi." Mume wangu aliniambia baadaye kwamba miaka yote alidhani nimemchoka yeye.

Picha ikikujia ghafla ukiwa sokoni au jikoni, taja kwa sauti ndogo vitu vitano unavyoviona hapo ulipo, pumua ukitoa hewa polepole kuliko unavyoivuta, gusa kitu cha baridi. Haiiondoi, inakurudisha ulipo.

Hatua ya 5: Pata mtu wa kukusimamia kitaalamu

Kama utachukua hatua moja tu kwenye mwongozo huu, chukua hii. Tulipokuwa vyuoni tulifundishwa kwamba afisa hafanyi kazi bila msimamizi wa kitaalamu. Tukaajiriwa, na "msimamizi" akageuka mtu anayedai takwimu za robo mwaka. Anayehitajika ni mtu wa kukaa nawe saa moja kila wiki mbili akuulize: shauri gani linakusumbua, ulifanya nini, lilikufanya nini.

Mwombe. Wengi hawatoi kwa sababu hawajaombwa. Maneno yawe mepesi: "Shikamoo, Mama. Naomba nusu saa yako wiki hii, siyo ya ripoti. Nina shauri moja limenikaa, nataka unisaidie kulifikiri kabla sijaharibu." Mchukulie na daftari lako la namba.

Asipopatikana, tafuteni wenzenu watatu hadi watano, hata wa halmashauri jirani au wa mashirika, mkutane mara mbili kwa mwezi. Kanuni zetu ni chache: hakuna majina, hakuna kushindana nani ameona makubwa zaidi, na kabla ya kusimulia unaomba ruhusa. "Nina zito, mnaweza kulipokea leo?" Mtu ana haki ya kusema siwezi. Bila ruhusa hiyo tunajikuta tunamwagiana sumu tukidhani tunapunguza.

Tahadhari moja. Tukio kubwa likitokea, kama mtoto kufia mikononi mwenu au moto kwenye makao, baadhi ya mashirika hukusanya wote siku ileile na kumtaka kila mmoja asimulie alichoona. Shirika la Afya Duniani halishauri mikutano hiyo. Kinachofaa siku hiyo ni usalama, chakula, usafiri wa kumfikisha mtu kwake, mtu wa kukaa naye, na uhuru wa kunyamaza.

Sasa dhamiri. Umehangaika miezi minne. Maelezo yamechukuliwa, daktari ameandika, shauri limefika mahakamani. Kisha familia mbili zinakaa, fedha inatembea, wanamalizana nyumbani. Siku ya kusikilizwa shahidi haonekani, mama anasema mtoto alikosea kusimulia, shauri linafutwa. Jioni unampita mtuhumiwa stendi, anakusalimia kwa jina. Sheria ya Mtoto ya 2009 imekupa wajibu mkubwa kwa maisha ya yule mtoto, na bajeti haikukupa hata mafuta ya kufika kwao tena. Hapo si uchovu unaokuuma. Unajilaumu kwa jambo ambalo hukulitenda, na kulala haitoshi.

Chukua karatasi, igawe safu tatu. Ya kwanza: yaliyokuwa yangu. Ya pili: yaliyokuwa ya wengine, yaani familia, mashahidi, upelelezi, mahakama. Ya tatu: yaliyokosekana, kama gari, makao, mlezi wa kuaminika, mtumishi wa pili. Jaza kwa ukweli. Kama kwenye safu ya kwanza kuna kosa, liandike, lipeleke kwa msimamizi, mlisahihishe. Mara nyingi utashangaa jinsi safu hiyo ilivyo fupi. Ya tatu igeuze namba na uiingize kwenye ripoti yako: ziara ngapi hazikufanyika kwa kukosa usafiri, watoto wangapi walirudishwa kwa kukosa mahali. Kisha uliza bado unaweza kumfanyia nini mtoto yule sasa. Mwalimu mmoja wa kumtazama shuleni ni kitu.

Hatua ya 6: Ukizidiwa, nenda hospitali

Lipo dodoso la maswali tisa la kupima sonona, linaloitwa PHQ-9, nalo limetafsiriwa kwa Kiswahili. Linauliza hali yako ya wiki mbili zilizopita. Kila swali lina alama 0 hadi 3, jumla ya juu ni 27. Ukipata 10 au zaidi, muone mtaalamu. Swali la tisa linahusu mawazo ya kufa au kujidhuru. Ukijibu chochote zaidi ya 0 hapo, usisubiri jumla, tafuta msaada leo.

Anzia kitengo cha afya ya akili cha hospitali ya rufaa ya mkoa wako. Najua kinachotuzuia: sisi ndio tunaowapeleka watu pale, manesi wanatujua, na neno Mirembe, hospitali ya taifa ya afya ya akili iliyopo Dodoma, mitaani limegeuzwa tusi. Ukishindwa kwenda kwenu, nenda mkoa jirani. Muhimbili pia wana idara. Mweleze daktari kazi yako waziwazi, kwa sababu bila hiyo atatibu usingizi tu.

Usijitibu kwa vidonge vya usingizi vya duka la dawa. Diazepamu huzoeleka upesi, na kuiacha ghafla kuna hatari yake. Bia mbili za kila jioni "ili nilale" ni njia hiyohiyo, inakatisha usingizi usiku wa manane na kesho yake unahitaji tatu.

Mawazo ya kutaka kufa yakija, mwambie mtu mmoja kwa maneno yenyewe: "Nafikiria kujiua." Usilale peke yako usiku huo. Dawa, sumu ya panya na chochote ulichokiwazia vitoke ndani ya nyumba, mtu akusindikize hospitali. Kuwa na wazo hilo si kosa la jinai wala si kukosa imani. Na kama mwenzako ndiye anayekuambia, keti, muulize moja kwa moja. Kuuliza hakumpandikizii wazo.

Kuhusu ruhusa: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakupa likizo ya mwaka isiyopungua siku 28, na siku 126 za ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36, nusu ya kwanza kwa mshahara kamili na nusu ya pili kwa nusu mshahara, kwa cheti cha daktari. Sonona ni ugonjwa kama malaria kwenye cheti hicho. Watumishi wa umma wana taratibu zao pia. Muulize afisa utumishi, na chama chako cha wafanyakazi kikusindikize ukihofia.

Hatua ya 7: Kwa mkuu wa idara

Gawa mashauri kwa uzito, si kwa idadi. Usimpe afisa mmoja watoto wote wa ukatili wa kingono kwa sababu "anaweza". Huyo ndiye utakayempoteza. Mwajiriwa mpya asishike shauri la kifo peke yake mwaka wa kwanza. Mtu akirudi kutoka likizo ya ugonjwa, wiki mbili za mwanzo asikae dawati la mapokezi na asipewe shauri la ukatili, na mtu mmoja amuulize kila siku anaendeleaje. Usitangaze ugonjwa wake kikaoni. Na wewe mwenyewe uwe na daftari.

Hatua ya 8: Rudi kwa uliowaumiza

Hii haimo kwenye miongozo mingi, nami niliichelewesha karibu mwaka. Kazi hii ikikulemea, wa kwanza kuumia ni wa nyumbani, nao hawajui kwa nini. Orodhesha majina. Mmoja mmoja, omba radhi bila kutaja shauri lolote na bila kuifanya kazi kisingizio.

Nilimpigia mdogo wangu jioni moja. Nikamwambia, "Siku ile sikuwa nakuona wewe. Nilikuwa naona mtu mwingine, kutoka kazini. Nisamehe." Alinyamaza mpaka nikadhani salio limekatika. Kisha akauliza, "Sasa Jumapili nije, dada?"

Alikuja na katuni kwenye flashi. Nilikaa nao kwenye mkeka mpaka zikaisha.